Nafasi sita mkobani: Gemu la watu wawili lililovuka mipaka

Mfanyabiashara wa mpakani anaijua hesabu hii: mtaji mdogo, mzigo una kikomo, ukibeba hiki unaacha kile. Hesabu hiyo ndiyo inayoendesha Signalis, gemu la kutisha lililotoka Oktoba 27, 2022.

Waliolitengeneza ni wawili tu, Yuri Stern na Barbara Wittmann, wa studio ya rose-engine ya Hamburg, Ujerumani. Kazi iliwachukua takriban miaka minane.

Mchezaji anamwongoza Elster, kiumbe wa kutengenezwa anayemtafuta mwenzake katika kituo cha machimbo kilichokumbwa na maradhi. Mkoba wake una nafasi sita. Bastola inachukua moja, risasi moja, dawa moja, ufunguo moja. Kinachozidi kinaachwa kwenye sanduku, ndani ya chumba salama. Tena adui aliyeangushwa anaweza kuinuka asipochomwa moto, kwa hiyo anayetapanya risasi leo atazililia kesho.

Picha zake ni za kizamani, zinazokumbusha PlayStation ya kwanza ya miaka ya 1990. Watu wawili wasingeweza kushindana na kampuni kubwa kwa picha za kisasa, lakini kwa hofu na uhaba waliweza.

Bidhaa hiyo ilifika kwenye kompyuta, Switch, PlayStation 4 na Xbox One siku moja. Mnunuzi hulipakua kwa intaneti. Hakuna lori linalolala mpakani. Kijana wa ukanda wetu mwenye kompyuta anaweza kuuza hivyo pia, mradi ajue mtaji mkubwa hapo ni miaka, na ajipange kuila akiba yake kwa uangalifu kama risasi za Elster.