Oili Inavuja: Tafuta Kabla ya Kufungua Injini

(Muziki wa kufungua, sekunde 10, unashuka.)

MTANGAZAJI: Jirani yetu mmoja hapa Nakivale ana gari dogo. Mchana linapeleka abiria Mbarara, usiku linabeba wagonjwa. Juzi alibadilisha oili na filta mwenyewe ili aokoe pesa ya gereji. Asubuhi akakuta dimbwi jeusi chini ya injini. Watu wakamwambia sili kubwa imekufa, injini ishushwe. Alikuwa tayari kuuza mbuzi wake wawili.

Kabla hujauza mbuzi, fanya hivi.

Kwanza, jiulize: niligusa nini? Kama gari lilikuwa kavu kabla ya kazi, anza pale mkono wako ulipopita.

Pili, hakikisha ni oili ya injini. Laza katoni chini ya gari usiku. Tone la kahawia au jeusi, lenye utelezi, kwa kawaida ni la injini. Jekundu lenye utelezi mara nyingi ni la giaboksi ya otomatiki. Maji ya kijani yatafute kwenye rejeta.

Tatu, safisha. Injini ikiwa imepoa, futa kwa kitambaa na sabuni mpaka pakauke. Usitumie petroli, inashika moto. Pima oili, ongeza kama imepungua, kisha washa dakika 10.

(Sauti: injini inanguruma, inazimwa.)

Sasa mulika kwa tochi, ukianza juu. Oili hushuka, na gari likitembea upepo huirusha nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondokea si lazima ndipo inapotokea. Tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa.

Kama ulifungua kava ya tapeti, angalia kama gasketi imekunjika. Kama ulimwaga oili, angalia nati ya sampu na washa yake. Kama ulibadilisha filta, ifungue uhesabu raba. Raba ya zamani hupenda kubaki imeganda kwenye injini. Mpya ikikaa juu yake, oili itatoka tu.

Jirani yetu alikuta raba mbili. Akabandua ile ya zamani, akapafuta, akapaka oili kidogo kwenye mpya, akaikaza kwa mkono. Raba ikishagusa injini, filta nyingi zinatosha kwa robo tatu ya mzunguko. Mbuzi wako zizini bado.

Tahadhari: usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi imara. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo. Oili ikidondokea ekzosi ikatoa moshi, usiendeshe, inaweza kuwaka. Na oili chafu itie kwenye jerikeni, usiimwage chini. Maji yetu tunayachota ziwani.

Ukisafisha ukakagua na bado inavuja, hapo muite fundi, umuonyeshe mahali palipolowa. Hatabahatisha kwa pesa yako.

(Muziki wa kufunga.)