Mnunuzi Asiyeuliza Habari za Injini



Mimi ni mtu wa Kisauni, lakini riziki humpeleka mja asikotarajia. Yangu ilinipeleka Nyamarambe, Mugirango Kusini katika kaunti ya Kisii, nikawa mtunza hesabu wa mkandarasi mmoja kwa miaka mitatu. Mkataba ulipokwisha nikaamua kurudi Pwani, na gari langu niliuze huko huko. Lilikuwa Toyota Probox, na aliyewahi kufika Kisii anajua kuwa Probox kule ndiyo matatu, ndiyo mchukuzi wa ndizi na ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali. Huwezi kukosa mnunuzi.

Nikapiga picha sita, nikaandika bei, shilingi 520,000, nikatangaza mtandaoni usiku wa Alhamisi. Kufikia alasiri ya Ijumaa nilikuwa nimepata watu wawili walioitaka bila kuiona. Wote wawili walikuwa matapeli, na wa pili alibakisha dakika chache tu anitumie mimi kumwibia mtu mwengine. Nayaandika haya kwa sababu sisi wa Mombasa hujiona wajuzi wa magari, kwa kuwa yanashuka Kilindini mbele ya macho yetu. Kujua gari ni elimu moja, na kumjua mnunuzi ni nyingine.

Wa kwanza alipiga simu akisema ni afisa wa shirika la misaada, yuko Juba, na dereva wake atakuja kulichukua gari. Hakuuliza injini, hakuuliza kama limewahi kugongwa, hakuomba hata shilingi elfu tano ipunguzwe. Saa kumi na moja jioni akanitumia picha ya stakabadhi ya benki: hundi ya shilingi 560,000 imewekwa kwenye akaunti yangu. Zile 40,000 za ziada, akasema, nimtumie dereva kwa simu kwa ajili ya mafuta na karatasi za safari.

Hapo stashahada yangu ya uhasibu ilinifaa. Stakabadhi ya kuweka hundi inathibitisha kwamba benki imepokea karatasi. Haithibitishi kwamba kuna pesa. Hundi hupelekwa kwenye benki ya aliyeiandika, na huko inaweza kukataliwa na kurudishwa. Ndiyo maana matapeli wa hundi wanaipenda Ijumaa jioni: benki zimefungwa, na hadi Jumatatu gari limeshavuka mpaka wa Isebania na zile "pesa za ziada" ulizotuma, ambazo ni zako halisi, zimeliwa. Nikamwambia tusubiri hundi ilipwe. Hakupiga tena.

Nikajipongeza. Nikadhani nimeshaijua michezo yao. Kumbe aliyefuata ndiye fundi.

Huyu alijiita mfanyabiashara wa hapo hapo Kisii. Naye alikubali bei yangu yote. Akaomba picha zaidi na picha ya logibuku, nikamtumia. Kisha akaniambia: "Kesho asubuhi shemeji yangu atakuja kuliangalia. Mimi ndiye nitakayekulipa. Kuna deni kati yetu, kwa hivyo usimtajie bei. Akikuuliza, sema wewe ni binamu yangu."

Nami nikakubali. Nilijiambia mambo ya mtu na shemejiye yanihusu nini, na neno "binamu" halimuui mtu.

Jumamosi akaja mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Etago, pamoja na fundi wake. Walilipekua gari kwa zaidi ya saa nzima, wakalijaribu kwenye mlima, wakaridhika. Mwalimu akasimama kando na simu mkononi. Mara akanirudia, sura yake imebadilika.

"Samahani ndugu yangu," akasema. "Yule mwenye gari nilizungumza naye Kikisii, tena cha kwetu kabisa. Wewe ni Mswahili wa Mombasa. Mmekuwaje mabinamu?"

Sikuwa na jibu. Nilinyamaza, na aibu ikanishika mbele ya mtu mzima mwenzangu. Kisha nikamwambia ukweli: simjui yule mtu, gari ni langu, na bei ni 520,000. Mwalimu akakaa chini kwenye jiwe. Yeye aliambiwa 380,000. Alitakiwa atume mara mbili, kwanza 250,000 halafu 130,000, na alikuwa ameshaandika kiasi cha mara ya kwanza. Ilibaki nambari ya siri tu. Pesa zile zilikuwa mkopo wa Sacco aliotakiwa kuulipa kwa kukatwa mshahara.

Tazama mtego ulivyojengwa. Tapeli hana gari na hana pesa. Anachukua picha zako, anatangaza gari lako kwa bei ya chini, na anampata mnunuzi wa kweli. Kwako anajifanya mnunuzi, kwa mnunuzi anajifanya mwenye gari. Mnunuzi analiona gari, analigusa, analiendesha, na anakukuta wewe, mtu halisi, ukimhakikishia kwamba ni ndugu wa muuzaji. Wewe ndiwe ushahidi wake. Akishatuma pesa, tapeli anazima simu, na nyinyi wawili mnabaki mmeshikana mashati: yeye anadai gari, wewe unadai pesa, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye mwizi. Mtego wote unasimama juu ya jambo moja, nalo ni muuzaji na mnunuzi kukatazwa kuzungumza bei.

Basi ukiambiwa "usimtajie bei", jua hapo hapo kwamba umeshafika kwenye mtego. Biashara halali haina haja ya kukufundisha uongo.

Tulikwenda polisi tukaandikisha taarifa. Mwalimu alirudi kwake bila gari, lakini na pesa zake.

Kuna hila nyengine za kuzijua. Iliyoenea zaidi ni ujumbe wa uongo wa M-Pesa. Unaletewa ujumbe kwamba umepokea pesa, umeandikwa vizuri na una nambari ya muamala, lakini umetoka kwenye nambari ya kawaida ya simu badala ya jina MPESA. Usijisumbue kuuchunguza ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe kwa kupiga *334#. Na kwa bei za magari kuna hesabu nyepesi zaidi: M-Pesa hairuhusu zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, wala akaunti ya mtu binafsi kushika zaidi ya 500,000. Anayekuonyesha ujumbe wa shilingi 450,000 kwa mkupuo mmoja amejifichua mwenyewe. Ujumbe wa aina hiyo upeleke kwa 333 ikiwa laini yako ni ya Safaricom.

Nyengine ni ya wanaotaka karatasi kuliko gari. Wanaomba picha ya logibuku, ya kitambulisho, PIN ya KRA, na mwisho nambari za siri zinazoingia kwenye simu yako, "ili kuandaa uhamisho". Mimi niliitoa logibuku yangu kwa urahisi, na ndiyo iliyompa tapeli nguvu ya kujiita mwenye gari. Mnunuzi wa kweli hana haja ya picha hiyo mapema. Kwa nambari ya usajili tu anaweza kufanya upekuzi wa gari kwa NTSA kupitia eCitizen, akalipa ada ndogo na kupata taarifa za gari. Logibuku aione kwa macho siku ya kukutana. Ama nambari ya siri ya kuthibitishia, hiyo haombwi na mnunuzi yeyote duniani.

Ya mwisho ni ya kulijaribu gari. Anakuja kijana nadhifu, anakuachia kitambulisho au hata pikipiki ya wizi kama dhamana, anaondoka peke yake na harudi. Mtu akitaka kulijaribu gari, keti naye ndani, awepo na mwenzako, mafuta yawe kidogo, na njia uichague wewe.

Nilipoyatafakari yote haya niliona kwamba yana shina moja. Katika uuzaji wa gari kuna vitu vitatu: gari, karatasi na pesa. Tapeli kazi yake ni kuvitenganisha. Pesa ziko "njiani", gari lichukuliwe leo. Au karatasi zitangulie, pesa zifuate. Au analipa huyu na anachukua yule. Kinga ni kuvikutanisha vyote vitatu mahali pamoja, siku moja, kwa mtu mmoja.

Wiki mbili baadaye nililiuza gari kwa mfanyabiashara wa Ogembo, na nitaeleza tulivyofanya ili anayetaka afuate. Huyu aliuliza kila kitu. Alilalamikia matairi, akalala chini kutazama uvungu, akanishusha hadi 495,000. Nilifurahi, maana anayebishana bei anakusudia kulipa. Tulikutana kwenye tawi la benki yangu siku ya Jumanne asubuhi. Alilipa kutoka akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye kitambulisho chake. Hili ni la lazima: jina la anayelipa liwe ndilo jina la anayenunua, na jina litakalokwenda kwenye logibuku. Likitofautiana, simamisha biashara muulizane. Nilimwomba karani wa benki athibitishe kwamba pesa zimeingia na naweza kuzitumia.

Baada ya hapo tukaenda kwa wakili, tukaandikiana mkataba wenye nambari ya usajili, ya chesisi na ya injini, bei, tarehe na saa ya kukabidhiana, kila mmoja na shahidi wake. Ndipo nikaanzisha uhamisho kwenye akaunti yangu ya eCitizen, naye akauthibitisha kwenye yake tukiwa tumeketi pamoja. Funguo zilitoka mfukoni mwangu mwisho.

Usikubali maneno ya "tutabadilisha jina baadaye". Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na inatoa siku 14 gari lihamishiwe kwa mwenye mpya. Gari likigonga mtu au likikamatwa na bangi, mlango utakaobishwa ni wako. Saa ya kukabidhiana ikiandikwa, una cha kuonyesha.

Na ukishatapeliwa, usinyamaze kwa aibu. Piga benki au kampuni ya simu papo hapo, maana kila dakika pesa zinasogea. Andikisha taarifa polisi upewe nambari ya OB. Idara ya upelelezi, DCI, ina nambari ya bure ya kutoa taarifa, 0800 722 203. Usiufute ujumbe hata mmoja.

Sisi Waislamu hatuna udhuru katika mambo haya. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana na kushuhudisha katika mali, na kuweka mashahidi mnapouziana. Lakini tukikutana na mnunuzi mwenye ulimi mtamu, kumwomba maandishi tunaona ni kumvunjia heshima.

Ya afisa wa Juba nimeshayasahau. Lisilonitoka ni neno "binamu". Lilikuwa halinigharimu kitu, nami nikalitoa, na nusura limgharimu mwalimu wa watu mkopo wa miaka. Angekuwa hakulisikiliza sikio lake, leo angekuwa anakatwa mshahara kwa gari asilokuwa nalo, na kila akilala angeiona sura yangu mimi.

Wabillahi tawfiq.