Mbegu Kavu Katika Nchi ya Joto: Upandaji na Uhifadhi wa Pilipili Adimu Lopur, Turkana

Utangulizi

Pilipili usiyoila yakuwashiani? Ndivyo wanenavyo wahenga wanapomkanya mtu anayejitwika mambo yasiyomhusu. Lakini kwa mtu aliyeizoea pilipili fulani tangu utotoni, kisha akaikosa, hali huwa kinyume: humwasha ile asiyoipata. Hali hii si ngeni katika wadi ya Lopur, eneo bunge la Turkana Magharibi, jirani na Kakuma. Tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016, sehemu hii ya Turkana imekuwa makutano ya watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Pamoja na watu hao zimekutana jikoni zao. Mwethiopia anaitambua pilipili kwa jina la berbere, Msomali kwa basbaas, Msudani kwa shata, naye Mkongo husema pilipili kama wasemavyo watu wa pwani.

Kila jiko kati ya hayo lina aina yake ya pilipili, na baadhi ya aina hizo haziuzwi dukani wala hazimo katika pakiti za kampuni za mbegu. Zinapatikana tu kwa mtu aliyezihifadhi. Iwapo mbegu hizo zitakufa kabla ya kupandwa tena, mwenye nazo hawezi kurudi kwao kwa urahisi kuchukua nyingine. Makala haya yanafafanua namna pilipili adimu zinavyopandwa kwa mbegu na kuhifadhiwa katika mazingira ya Lopur. Hoja kuu ni kwamba kupanda pekee hakutoshi. Aina adimu huhifadhiwa kwa kulinda mambo matatu: uzao wake, uhai wa mbegu yake, na jina lake.

Jina moja, mimea mingi

Neno pilipili ni la kale kuliko mmea unaoitwa hivyo leo. Asili yake ni Bara Hindi, na lilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya biashara ya Bahari Hindi, likiwa jina la viungo vya jamii ya pilipili manga. Pilipili kali za kisasa, yaani mimea ya jenasi ya Capsicum, ni wenyeji wa Amerika. Zilisambaa duniani baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na Wareno wana sehemu kubwa katika kuzifikisha Afrika na Asia. Zilipofika pwani zilirithi jina lililokuwapo tayari, na ile ya awali ikabaki kutofautishwa kwa neno manga.

Urithi huo wa jina umeleta utata ambao mkusanyaji wa mbegu hana budi kuujua. Katika masoko ya Nairobi na Tanzania Bara, pilipili hoho ni ile kubwa isiyowasha. Katika matumizi ya Zanzibar, pilipili hoho ni kali, na ile isiyowasha huitwa pilipili boga. Pilipili kichaa ni ile ndogo inayosimama wima mtini, na mara nyingi ni Capsicum frutescens. Pilipili mbuzi ni ile ya mviringo yenye mikunjo na harufu kali kama ya matunda, na kwa kawaida ni Capsicum chinense. Kwa hiyo kikaratasi kilichoandikwa "hoho" pekee hakimwambii mpokeaji wa mbegu kama atavuna mboga au moto.

Wataalamu wa mimea wanatambua spishi tano za pilipili zilizofugwa na binadamu: Capsicum annuum, chinense, frutescens, baccatum na pubescens. Ukali wake hutokana na kemikali ya kapsaisini. Kinyume na imani ya wengi, kemikali hiyo haitengenezwi na mbegu bali na utando mweupe unaozishikilia mbegu ndani ya tunda. Ndege hawauhisi ukali huo. Humeza matunda na kuzisambaza mbegu zikiwa nzima, ilhali wanyama wanaotafuna huzisaga. Ukali, basi, ni njia ya mmea kujichagulia msambazaji.

Kipimo cha ukali kilibuniwa mwaka 1912 na Mmarekani Wilbur Scoville. Tangu hapo wakulima wa mataifa mbalimbali wamekuwa wakishindana. Mwaka 2007 Bhut Jolokia ya kaskazini-mashariki mwa India ilitambuliwa kuwa imevuka vipimo milioni moja; mwaka 2013 Carolina Reaper ikatambuliwa kuwa kali kuliko zote, na mwaka 2023 Pepper X ya Marekani ikapimwa kuwa na 2,693,000. Hata hivyo, ukali na uadimu ni mambo mawili tofauti. Mbegu za Carolina Reaper zinauzwa kila pembe ya dunia. Pilipili ndogo ya kijiji kimoja cha Kivu, iliyomo katika bustani tatu tu, ndiyo adimu.

Kuchagua aina inayoweza kustahimili

Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, hupata mvua ya takriban milimita 200 kwa mwaka, na joto la mchana hufikia nyuzi 35 na zaidi mara kwa mara. Lopur haina tofauti kubwa. Pilipili ni mmea wa nchi za joto, lakini joto nalo lina mpaka. Mchana ukizidi nyuzi 32 hadi 35, na usiku usiposhuka vya kutosha, chavua hudhoofika na maua hupukutika kabla ya kufanya tunda. Mkulima huona mti wenye afya, majani mabichi na maua tele, lakini hapati pilipili hata moja.

Kwa sababu hiyo uchaguzi wa aina ni hatua ya kwanza. Capsicum pubescens, yenye mbegu nyeusi, ni mmea wa milima ya Andes na haifai kabisa. Zenye matunda makubwa nazo huteseka zaidi. Pilipili kichaa huvumilia vizuri zaidi. Isitoshe, pilipili nyingi huishi zaidi ya mwaka mmoja pasipo na baridi kali. Mti uliokosa kuzaa katika joto la Februari na Machi waweza kuzaa joto likipungua. Subira ni sehemu ya kazi hii.

Kuatika na kupandikiza

Mbegu huatikwa katika vyombo vyenye matundu chini, kwa kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, katika mchanganyiko wa mchanga na samadi iliyooza vyema. Udongo wenye nyuzi 25 hadi 30 ndio bora. Mbegu za annuum huota kwa siku 7 hadi 14, lakini za chinense na frutescens zaweza kuchukua wiki tatu au nne. Wengi hukata tamaa mapema na kuvimwaga vyombo vyao siku chache kabla ya mbegu kuchomoza. Tatizo la Lopur halijawahi kuwa upungufu wa joto la kuoteshea bali wingi wake. Chombo kilichoachwa juani hukauka kwa saa chache, na mbegu iliyoanza kupasuka ikikauka haifufuki. Vyombo hukaa kivulini na hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu hadi miche ichomoze.

Baada ya wiki sita hadi nane, miche huzoeshwa jua kidogo kidogo, kisha hupandikizwa jioni. Katika nchi kavu matuta ya kuinuliwa hayafai kwa kuwa hupoteza maji. Linalofaa ni shimo au kitalu kilichozama chini ya usawa wa ardhi, ambamo maji hutuama karibu na mizizi. Nafasi ya sentimita 45 hadi 60 huachwa kati ya miche, na matandazo ya nyasi kavu huwekwa juu ya udongo. Kivuli chepesi cha makuti ya mkoma hupunguza ukali wa jua la adhuhuri. Ua wa matawi ya mathenge au miiba mingine ni wa lazima, maana mbuzi hasubiri kuulizwa. Maji yenye chumvi nyingi huunguza kingo za majani. Pale yasipoepukika, ni heri kumwagilia kwa wingi mara chache ili chumvi ishuke chini ya mizizi kuliko kunyunyiza kidogo kidogo kila saa.

Kulinda uzao

Ua la pilipili lina sehemu za kiume na za kike kwa pamoja, hivyo linaweza kujichavusha. Hata hivyo, nyuki hupita kati ya miti. Tafiti zimeonyesha kwamba kiwango cha kuchanganyika hutofautiana mno, kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya 90, kutegemea aina, nafasi na wingi wa wadudu. Bustani ya Kakuma yenye pilipili za nchi tano katika eneo dogo ni mahali ambapo mchanganyiko ni rahisi sana.

Hapa kuna kosa la kawaida la kuelewa. Watu husema hoho yao "imeambukizwa" ukali na pilipili kichaa iliyo kando yake. Tunda halibadiliki msimu huo, kwa sababu nyama yake ni ya mti mama. Kinachobadilika ni mbegu iliyomo. Msimu ufuatao mbegu hiyo huzaa chotara, na kwa kuwa ukali hutawala juu ya utamu katika urithi, chotara huwasha. Kwa pilipili mbili zilizo kali mabadiliko hayaonekani upesi, na aina hupotea polepole pasi na mtu kutambua. Ndiyo maana uharibifu huu ni wa hatari kuliko ukame: mti uliokufa huonekana, uzao uliochafuka hauonekani.

Kinga yake ni rahisi. Tawi lenye vichipukizi vya maua ambavyo havijafunguka hufunikwa kwa mfuko wa chandarua au kitambaa chepesi. Kila siku tawi hutikiswa taratibu ili chavua ianguke. Matunda yakishafungika, mfuko huondolewa na matunda hayo hufungwa uzi wa rangi. Mbegu huchukuliwa kutoka matunda yenye uzi peke yake, na kutoka miti kadhaa yenye sifa halisi za aina, si mti mmoja uliozaa sana. Mti wenye majani ya mabatobato hauchukuliwi, kwa kuwa baadhi ya magonjwa ya virusi na bakteria husafiri ndani ya mbegu au juu yake.

Kukausha na kuweka

Tunda huachwa mtini hadi liive kabisa. Mbegu hutolewa, huoshwa, na hutandazwa juu ya sinia kivulini penye upepo. Kuzianika juu ya bati au mwamba wa Lopur ni kuzipika. Mbegu iliyo tayari huvunjika ikikunjwa. Inayopinda bado ina maji.

Wataalamu wa mbegu hufuata kanuni moja nyepesi: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia moja, au joto la ghala linaposhuka kwa nyuzi tano, maisha ya mbegu huongezeka takriban maradufu. Kanuni hii inaonyesha kwamba Turkana inanyima kwa mkono mmoja na kutoa kwa mwingine. Joto lake hufupisha maisha ya mbegu, lakini hewa yake kavu hukausha bila gharama, jambo ambalo Mombasa au Unguja haliwezekani kwa urahisi. Mbegu iliyokauka hivyo, ikatiwa katika chupa isiyopitisha hewa pamoja na majivu makavu au mkaa, na chupa ikafukiwa mahali pa baridi ndani ya nyumba, yaweza kuishi miaka kadhaa. Hata hivyo, ni busara kupanda upya sehemu ya akiba kila baada ya miaka miwili au mitatu, na kumpa jirani sehemu nyingine. Akiba iliyo katika chupa moja haijahifadhiwa.

Taasisi na sheria

Uhifadhi wa kaya unakamilishana na wa taasisi. Kenya ina Benki ya Jeni huko Muguga, iliyoanzishwa mwaka 1988. Kituo cha Dunia cha Mboga, chenye makao makuu Taiwan na ofisi ya kanda mjini Arusha, kinatunza maelfu ya sampuli za Capsicum. Hata hivyo, benki huhifadhi kile kilichofikishwa kwake tu.

Kwa upande wa sheria, marekebisho ya mwaka 2012 ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ya Kenya yalikuwa na vifungu vilivyomweka mkulima katika hatari ya kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa. Wakulima wadogo 15 walivipinga mahakamani mwaka 2022, na mwezi Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Kuingiza mbegu kutoka nje ya nchi, hata hivyo, ni suala jingine. Kunasimamiwa na kanuni za afya ya mimea chini ya KEPHIS, na kanuni hizo zina sababu, kwani ugonjwa mgeni huweza kufagia aina zilizopo.

Hitimisho

Imebainika kwamba Lopur si mahali pagumu kwa kila kitu. Ni pagumu kwa ua la pilipili, lakini ni pazuri kwa mbegu yake. Mkusanyaji mwenye busara hapimi mafanikio kwa kapu la matunda, bali kwa mbegu safi, kavu na zenye jina.

Katika hilo la mwisho wanafunzi wa Kiswahili wana kazi yao. Kikaratasi cha mbegu ni matini, tena fupi kuliko zote. Kinapaswa kubeba jina la aina katika lugha ya mwenye nayo, jina la Kiswahili pamoja na mahali linapotumika, spishi ikijulikana, rangi na mkao wa tunda, mahali ilikotoka, chakula inachopikiwa, na mwaka wa mavuno. Anayeyajua hayo mara nyingi ni mama mmoja mzee katika ua mmoja. Akiondoka kabla ya kuulizwa, mbegu yaweza kuota bado, lakini hakuna atakayejua ni nini kilichoota.