Utando wa Kauri na Udhibiti wa Joto katika Vinu vya Haidrojeni

Makala haya yananuia kueleza namna utando wa kauri wenye vinyweleo unavyodhibiti joto katika vinu vya kuzalishia haidrojeni. Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, ana haja gani na jambo hili? Jibu limo shambani. Mchai huhitaji naitrojeni. Mbolea ya naitrojeni hutokana na amonia. Nayo amonia haitengenezwi bila haidrojeni.

Sehemu kubwa ya haidrojeni duniani hutokana na gesi asilia. Metani huchanganywa na mvuke wa maji penye kichocheo cha nikeli, katika joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Mmenyuko huu hufyonza joto jingi: kilojuli 206 kwa kila moli ya metani. Njia mojawapo ya kulipata joto hilo ni kuunguza sehemu ya metani kwa oksijeni ndani ya kinu chenyewe. Hapo ndipo tatizo linapozuka. Oksijeni ikiingizwa yote mlangoni, metani huungua upesi kuliko mvuke unavyoweza kulifyonza joto. Mwanzo wa kinu huwaka kupita kiasi, chembe za nikeli hushikamana na kupoteza nguvu, ilhali mwisho wa kinu hupoa.

Utando ndio dawa. Bomba la kauri, aghalabu ya alumina, huitenga oksijeni na metani. Oksijeni hupenya kidogo kidogo katika urefu wote wa bomba, mithili ya maji yapenyayo ubavuni mwa mtungi. Hivyo joto hutolewa pale pale linapofyonzwa. Kiasi cha oksijeni hurekebishwa kwa tofauti ya shinikizo baina ya pande mbili za utando. Mchochea kuni wa kiwanda cha chai aijua siri hii: harundiki kuni zote tanurini kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo, kauri hupasuka joto libadilikapo ghafla, na kuiunganisha na chuma ni kazi ngumu, kwani viwili hivi havitanuki sawa.

Mwaka 2023 Kenya ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani, itokanayo na maji kwa nguvu za umeme. Teknolojia hiyo ni tofauti, lakini suala la lugha ni lile lile. Mtungi, kauri, utando na kinyweleo ni maneno tuliyo nayo tayari. Tukiyaacha jikoni, mkulima ataendelea kununua mbolea asiyoweza kuuliza habari zake.