Mwalimu Mpya na Mlezi Wake

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwenye kitabu na afuate kwa kidole huku akisikiliza.)

MSEMAJI: Kabla hatujaanza, mwalimu wenu na aandike ubaoni maneno matatu: Torati, sinagogi, mlezi. Torati ni vitabu vitano vya Musa. Sinagogi ni nyumba ya ibada ya Wayahudi. Na mlezi, katika somo la leo, ni mwalimu mzoefu anayemwongoza mwalimu mpya.

Huenda mmoja wenu akasema, Wayahudi wako mbali, yatuhusu nini? Si mbali hivyo. Hapo Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya, Waafrika walioishika dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919. Lakini leo twaenda Ulaya, katika mji wa Kraków, nchi ya Poland, kwa sababu huko alikuwako mwanamke mmoja mshonaji wa nguo, jina lake Sarah Schenirer.

Alizaliwa mwaka 1883. Siku zile wavulana wa Kiyahudi walifundishwa dini tangu utoto katika vyuo vyao, kama watoto wa pwani wanavyofundishwa Kurani chuoni. Wasichana hawakupelekwa huko. Ilidhaniwa kwamba msichana atajifunza dini jikoni kwa mama yake, na yatosha. Basi wakaenda shule za serikali, wakajua kusoma Kipoland vizuri, wakasoma hadithi za kila namna. Waliporudi nyumbani, sala za baba zao waliziona kama mambo ya kale yasiyo na maana. Mama hakuweza kujibu maswali yao, kwa kuwa yeye mwenyewe hakufundishwa sababu. Alifundishwa kutenda tu.

Schenirer aliyaona hayo akiwa kwenye kazi yake ya kushona. Wanawake walikuja kupimwa nguo, na kila mmoja alitaka imkae sawasawa mwilini. Akajiuliza, roho zao nani anazishonea? Kwanza aliwakusanya wasichana wakubwa awafundishe. Hawakumsikiliza sana, walikwisha kuzoea njia nyingine. Ndipo mwaka 1917 akaanza na wadogo, wasichana 25, mle mle katika chumba chake cha kushonea. Shule hiyo ikaitwa Bais Yaakov, maana yake Nyumba ya Yakobo.

MWANAFUNZI: Samahani, Mwalimu. Na huyo mama, ualimu aliusomea wapi?

MSEMAJI: Hakuusomea, bwana. Alisoma vitabu mwenyewe usiku, baada ya kazi. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Miji mingine ilisikia habari za shule yake, ikamwandikia: nasi tuletee mwalimu. Amtoe wapi? Hapakuwa na chuo hata kimoja cha kufundisha waalimu wa namna hiyo. Akawachukua wanafunzi wake wakubwa kidogo, mabinti wenye umri wa miaka 15 au 16, akawafundisha upesi upesi, akawapeleka.

Tazameni alivyofanya. Alisafiri pamoja na binti mpaka ule mji mgeni. Akawaita kina mama, akazungumza nao, akawaeleza kwa nini binti zao wafundishwe. Watoto wakaandikishwa. Kisha yeye akarudi Kraków, na yule binti akabaki, yeye na darasa lake, katika mji ambao hamjui mtu.

Wengi husifu jambo hili kwa ushujaa wake, na ni kweli lilikuwa la ushujaa. Lakini mimi naona lilikuwa jambo la hatari pia. Fikirini binti wa miaka 16 mbele ya watoto arobaini, na mtoto mmoja amemwuliza swali asilolijua. Amkimbilie nani? Kama asingesaidiwa, angevunjika moyo, na shule ile ingefungwa. Wazee waliokuwa na mashaka tangu mwanzo wangesema, hatukuwaambieni?

Msaada ulikuja kwa njia tatu. Kwanza, Schenirer hakuwaacha waalimu wake. Aliwaandikia barua, na aliwatembelea. Pili, mwaka 1923 lilianzishwa gazeti katika mji wa Łódź, likaitwa kwa jina lile lile la Bais Yaakov. Likawafikia waalimu waliokuwa peke yao katika miji midogo. Tatu, na hii ndiyo kubwa, yalianza mafunzo ya likizo. Wakati wa kiangazi waalimu walikutana mashambani kwa wiki kadhaa, wakasoma pamoja, wakaelezana yaliyowashinda. Dr. Leo Deutschländer wa Vienna alisimamia kazi hiyo. Akaletwa na mwalimu kijana kutoka Frankfurt, Judith Rosenbaum, ambaye alikuwa amesomea kazi ya kufundisha. Schenirer alikuwa na moto. Rosenbaum alileta mpango wa somo: uanze wapi, uulize nini, ujuaje kwamba mtoto ameelewa. Mwaka 1931 chuo cha waalimu kikapata jumba lake huko Kraków.

Schenirer alifariki mwaka 1935. Miaka michache baadaye shule hizo zilikuwa zaidi ya 200 katika Poland, zenye wasichana zaidi ya 30,000. Kisha ikaja vita ya mwaka 1939, na Wanazi wakawaua Wayahudi wa Poland walio wengi, waalimu na wanafunzi pamoja. Lakini mwanafunzi mmoja wa chuo kile, Vichna Kaplan, alikuwa amekwisha hamia Marekani. Mwaka 1938 alianza kufundisha wasichana wachache nyumbani kwake, Brooklyn, katika New York. Kutoka kwenye meza ile waalimu wakatoka tena.

MWANAFUNZI: Na siku hizi, Mwalimu, mlezi hufanya nini hasa? Huketi tu akitazama?

MSEMAJI: Huketi, naam, lakini kwa kazi. Mwaka 2002 ulianzishwa Marekani mpango ulioitwa DeLeT. Neno hilo kwa Kiebrania ni mlango. Mwanafunzi wa ualimu alikaa siku nyingi za mwaka wa shule katika darasa la mwalimu mzoefu wa shule ya Kiyahudi, akitazama, kisha akifundisha kidogo kidogo. Mwaka 2003 ukaanza mpango mwingine, wa kuwalea waliokwisha kuajiriwa, kwa miaka yao miwili ya kwanza.

Tuseme mwalimu mpya anafundisha herufi za Kiebrania. Kiebrania husomwa kutoka kulia, kama Kiarabu. Iko herufi moja ambayo, ikiwa na nukta katikati, ni b. Nukta ikiondolewa, ni v. Ninyi mliosoma chuoni mwajua nukta inavyogeuza herufi: moja chini ni ba, mbili juu ni ta. Mwalimu auliza, watoto wajibu kwa sauti kubwa, naye afurahi kwamba wote wamejua.

Mlezi yuko nyuma. Amechora viti vyote katika karatasi, na kila mtoto anapojibu atia alama kwenye kiti chake. Baada ya somo hamwambii mwalimu, umekosea. Wala hapeleki habari kwa mwalimu mkuu. Akifanya hivyo, mwalimu mpya atamficha shida zake. Humpa ile karatasi tu, na kumwuliza, "Waona nini?"

Mwalimu atazama. Watoto ni ishirini. Alama zote ziko kwenye viti vitatu vya mbele.

Basi huanza kupanga somo la kesho wakiwa wawili: nani aulizwe kwanza, na wale wa nyuma wapewe kadi za herufi mikononi wazipange wenyewe.

Sasa zimeni redio. Mwalimu wenu atawauliza maswali mawili. Nani alikufundisha kazi unayoifanya leo, na je, alikaa nawe muda gani baada ya kukuonyesha? Kila mtu aandike jibu lake kwa sentensi tatu. Kwaherini mpaka wiki ijayo.