Kahawa nzuri iko hapa kwetu: namna ya kuipata bila kumaliza pesa



Juzi asubuhi nilishuka Kituku na kikombe mkononi. Boti za Idjwi na Minova zilikuwa zinashusha mananasi, ndizi na watu. Mama mmoja wa mananasi akachungulia kikombe changu, akacheka: «Mutoto yangu, sisi kule Idjwi tunalima kahawa, na wewe unakunywa ile ya kopo?»

Sikuwa na jibu. Kweli, wengi wetu tunakunywaka unga wa kopo uliotoka ng'ambo, na kahawa ya milima hii inakwenda kunywewa Ulaya na Marekani. Basi nikaanza kuuliza. Haya ndiyo niliyojifunza, juu ya wenzangu wenye mfuko mwembamba kama wangu.

Usinunue jina, ujue nani ameiosha

Ziwa letu liko karibu mita 1 460 juu ya bahari, na mashamba yanapanda milima juu yake. Wakulima wengi wana arabika ya aina ya bourbon. Kwenye baridi ya mlimani tunda linaiva polepole, na utamu unapata muda wa kujikusanya ndani.

Wapenda divai wanalijua jambo hili. Zabibu ya pinot noir ina ngozi nyembamba na ni ngumu kulima, na majina makubwa ya Bourgogne, kule Ufaransa, yanauzwa kwa bei ya kutisha. Mnywaji mwerevu anatafuta mkulima mdogo wa kilima cha jirani. Kwa kahawa ni vilevile, ila kwetu kilima kinaonekana kutoka Kituku.

Zamani mkulima alimenya kahawa nyumbani, akaianika chini, akauza kwa bei aliyotaka mnunuzi. Wengi walipakia mitumbwi usiku kuvuka hadi Rwanda, juu kule bei ilikuwa afadhali. Wengine hawakurudi, na wajane wao wapo mpaka leo. Nchi iliyouza nje zaidi ya tani 100 000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980 ikabaki na sehemu ndogo tu.

Kisha zikaja koperative. SOPACDI ilianza mwaka 2003 upande wa Minova, na mwaka 2011 ikapata cheti cha Fairtrade. Idjwi kuna CPNCK na pia Rebuild Women's Hope ya akina mama. Kwenye vituo vyao vya kuoshea wanapokea matunda mekundu, wanatoa yanayoelea, wanamenya, wanachachusha, wanaosha kwa maji safi, kisha wanaanika juu ya meza. Ladha nzuri inalindwa pale.

Unafuu unatoka wapi?

Kwanza, punje ndogo. Kahawa ya kwenda ng'ambo huchekechwa kwa ukubwa, na ndogo mara nyingi hubaki nchini. Lakini udogo si ubaya. Punje ndogo iliyo nzima, kutoka tunda lililoiva, ina ladha yake. Zinazoharibu ni nyeusi, zilizovunjika na zenye matundu ya mdudu. Hizo unazitoa mwenyewe kwenye sinia.

Pili, nunua mbichi, ukaange nyumbani. Kilo moja mbichi inakuachia kama gramu 820. Kikombe kinataka gramu 12 hivi, kwa hiyo unapata vikombe karibu 70. Gawanya bei ya kilo kwa 70, halafu linganisha na kikombe kimoja cha restora. Mukiwa watatu chumbani, changeni.

Maswali manne kwa muuzaji

1. Inatoka wapi? Akisema «Kivu» tu, hajui. Taka jina la kijiji au la kituo.
2. Imeoshwa kituoni au nyumbani?
3. Ni ya mavuno gani? Mavuno makubwa ni kati ya Machi na Juni hivi. Kahawa mbichi iliyokaa zaidi ya mwaka huanza kuonja gunia.
4. Kama imekaangwa, ni lini? Ikiwa nyeusi sana na inang'aa mafuta, mara nyingi moto umeficha makosa.

Ile harufu ya kiazi

Kahawa ya Kivu, Rwanda na Burundi ina ugonjwa mmoja: mara nyingine kikombe kinanuka kiazi kibichi. Inahusiana na mdudu anayeitwa antestia anayetoboa tunda. Punje moja inatosha kuharibu kikombe, na kwa macho huwezi kuitambua. Usimwage kilo nzima. Saga ya kikombe kimoja kimoja, nusa kabla ya kumimina maji. Ikinuka, tupa hiyo tu, pangusa kinu, saga nyingine.

Kukaanga

Washa mbabula, makala yawe mekundu bila moshi. Weka punje chache kwenye kikaango kizito, koroga bila kuacha. Baada ya dakika kama kumi utasikia «pa, pa». Acha mlio upungue, ikiwa na rangi ya hudhurungi toa, pepeta kwenye lungo ipoe haraka. Ilale usiku mmoja kabla ya kusaga.

Neno la mwisho kuhusu bei

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama hapa karibu na bandari ya Kituku, na makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, watu hawakuwa na njia nyingine. Kila gunia linaloshushwa pale limepita maji yale.

Kwa hiyo tutafute bei nafuu, ndiyo, lakini tusiitoe kwenye jasho la mkulima. Itoke kwenye punje ndogo, kwenye mbabula yetu na kwenye kuchanga pamoja. Kilo zangu mbili za kwanza aliniletea yule mama wa mananasi, kutoka kwa shemeji yake. Alitaja bei, nikalipa. Kopo liko bado juu ya kabati. Siku hizi ninawekaka ndani yake sukari.