Saratani ya Matiti na Protini ya HER2 (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye utando wa seli ya titi, ilipo protini iitwayo HER2. Kichwa chake kimechomoza nje ya seli, na mkia wake ulioko ndani huamsha amri ya kugawanyika. Katika baadhi ya uvimbe, jeni lake lililoko kwenye kromosomu ya 17 hujirudufu mno, protini hizo zikasongamana, zikashikana mbilimbili na kuwashana zenyewe. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake wa Marekani walichunguza uvimbe wa wagonjwa 189, wakaona kuwa wenye nakala nyingi za jeni hilo walirudiwa na ugonjwa mapema na kufa mapema. Mtu angeweza kusema hiyo ni dalili tu, si chanzo. Lakini trastuzumabu, kingamwili inayoiganda protini hiyohiyo, iliwarefushia wagonjwa maisha, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1998. Dalili tupu ukiizuia, ugonjwa haujali.

Kuna wanaouliza: mkulima wa mpunga wa Mlimba ana faida gani na kipimo cha protini ambayo dawa yake hawezi kuinunua, tena inayozidi kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano au sita? Bei ni kikwazo kweli, ingawa Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Kosa la hoja hiyo ni kudhani kwamba kipande cha uvimbe hujibu swali moja. Kipande hichohicho huonyesha vipokezi vya estrojeni, na mwenye navyo hufaidika na tamoksifeni, vidonge vya bei nafuu.

Kwa maoni yangu, tatizo huanza kabla ya maabara. Kipande kikishakatwa chapaswa kutumbukizwa kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, kiloweke kati ya saa 6 na 72, ndipo kigandishwe kwenye nta. Kikichelewa, protini huharibika na jibu laweza kuwa “hakuna” la uongo. Kwa hiyo sampuli ya Bonde la Kilombero, hasa wakati wa masika, ni heri igandishwe kwenye nta hapahapa Ifakara kabla ya kupanda gari kwenda Dar es Salaam. Ikishakuwa ndani ya nta, safari ya siku kadhaa haiidhuru. Wiki ijayo tutatazama majibu ya HER2 yenye utata, yale ambayo maabara huyapa alama mbili.